Maswali ya Wasomaji: Picha ya Kazini Yenye Sura ya Mwenyewe

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu picha za wataalamu, yaani zile zinazowekwa kwenye tovuti za kampuni, katika ripoti za mwaka na kwenye wasifu wa kikazi. Wapo walioandika wakiwa wapiga picha na wapo walioandika wakiwa wapigwa picha, na malalamiko yao yanakutana mahali pamoja: picha hutoka safi, lakini mtu mwenyewe hayumo ndani yake. Nimechagua barua chache na kuzifupisha bila kugusa maana yake.

Swali: Kwa muda mrefu nimekuwa nikipiga picha za harusi na sherehe, na sasa kampuni zimeanza kuniita niwapige picha wafanyakazi wao. Kwenye sherehe watu hunisahau, wakacheka na kulia bila kuijali kamera. Ofisini mambo ni tofauti kabisa. Wakili au mhandisi akishasimama mbele ya lenzi hukakamaa mwili mzima, na nikimwambia, "Kuwa wa kawaida tu, usiwe na wasiwasi," ndiyo kwanza anazidi. Ninakosea wapi?

Jibu: Kosa liko katika agizo lenyewe. Mtu akiambiwa awe wa kawaida huanza kujichunguza: mikono ambayo asubuhi nzima hakuikumbuka sasa hajui aiweke wapi, mabega yanapanda, pumzi inakatika, na uso unavaa ile sura ambayo kila mmoja wetu ameiweka akiba kwa ajili ya picha za kitambulisho. Hali ya moyo haiagiziki, ila tendo linaagizika. Mpe mhusika wako kitu cha kufanya, cha kutazama au cha kufikiria, na hali unayoitafuta itakuja yenyewe. Wengi hudhani kwamba picha ya asili ni ile ambayo mpiga picha hakuingilia chochote, lakini kwa maoni yangu picha hizo ndizo zinazodai maandalizi makubwa kuliko zote, na maelekezo yake huwa mengi vilevile, isipokuwa yanaelekezwa kwenye shughuli na kuuacha uso ujisemee.

Anza kabla kamera haijatoka mkobani. Omba nafasi ya kuzungumza na mhusika mezani pake, au popote anapofanyia kazi, na katika mazungumzo hayo utumie macho kuliko masikio. Yupo anayeeleza kila jambo huku akichorachora kwenye karatasi yoyote iliyo karibu, yupo anayevua miwani kila anapotaka kusema neno zito, na yupo asiyeweza kupokea simu akiwa ameketi. Hizo ndizo picha zako, na kazi iliyobaki ni kuzitafutia mwanga mzuri na mandhari ya nyuma yasiyovuruga. Namkumbuka mkaguzi wa hesabu mmoja ambaye nilionywa na kila mtu kwamba hapigiki picha. Nilipoketi naye niliona kwamba anaposoma jedwali huteremsha kidole cha shahada polepole juu ya karatasi, mstari baada ya mstari, na akifika kwenye tarakimu isiyomridhisha kidole husimama, kichwa hubaki kimeinama, na macho pekee huinuka juu ya fremu ya miwani kumtafuta mtu wa kuulizwa. Nilimwomba apitie hesabu halisi aliyokuwa nayo siku hiyo, nikaweka taa upande wa dirisha ili mwanga wake ufuate ule wa nje, kisha nikasubiri kidole kisimame. Wenzake walipoiona picha hiyo walimtambua papo hapo, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakuwahi kutazamwa namna ile.

Njia hii ilikwisha kutumiwa na mabingwa. Mmarekani Arnold Newman, aliyejulikana kwa kuwapiga watu picha wakiwa katika mazingira ya kazi zao, mwaka 1946 alimpiga mtunzi wa muziki Igor Stravinsky akiwa kwenye piano kubwa ambayo kifuniko chake kilichoinuliwa kinatawala karibu picha nzima, huku mtunzi mwenyewe akiwa pembeni chini, kichwa amekiegemeza mkononi. Jarida lililoiagiza picha hiyo halikuitumia, lakini baadaye ikawa miongoni mwa kazi zake mashuhuri kuliko zote. Wewe unayepiga picha ofisini ichunguze kwa kiasi chake: kifaa kimoja tu, ambacho umbo lake linaonekana vizuri, kimebeba taaluma nzima ya mtu. Daktari hahitaji stetoskopu shingoni, faili mkononi, kompyuta mezani na bango la mifupa ukutani kwa wakati mmoja. Chagua kimoja, na viondoe vingine kwenye fremu hata kama mhusika anavipenda.

Wakati wa kupiga ukifika, weka kamera kwenye tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, na utumie rimoti, ili uso wako uwe wazi na mhusika azungumze na mtu mwenye macho badala ya kuzungumza na kioo cheusi. Muulize maswali yanayodai kukumbuka jambo mahususi. Ukimwambia, "Nieleze kuhusu kazi yako," atakupa maneno ya kwenye kipeperushi cha kampuni, lakini ukimwuliza ni kesi gani iliyomnyima usingizi, au ni daraja gani analopita mpaka leo akakumbuka hofu ya siku ya kulifungua, utaona uso ukibadilika kabla hajafungua mdomo. Usibonyeze wakati anazungumza, maana midomo ikiwa katikati ya neno hupindisha sura nzima. Subiri amalize. Kuna sekunde moja au mbili baada ya neno la mwisho ambapo mdomo umeshafunga, mabega yameshuka pamoja na pumzi, na macho bado yameshika lile alilokuwa akilifikiria. Picha nyingi nzuri za aina hii zimo katika sekunde hizo, na anayekimbilia kuuliza swali la pili huzipoteza zote.

Mwili nao una njia zake. Anayesimama, mwambie aweke uzito kwenye mguu wa nyuma na ageuze kiwiliwili kidogo, kisha atoke mahali hapo, azunguke, arudi; mara nyingi anaporudi husimama vizuri kuliko ulivyompanga. Anayeketi, akae kwenye ukingo wa mbele wa kiti na kuinamia mbele kutoka kiunoni, kwa kuwa anayezama kwenye kiti huonekana mnene na mchovu. Kidevu kisogezwe mbele kidogo na kushushwa kidogo, ili mstari wa taya uonekane. Mikono ipewe mzigo halisi, iwe ni ukingo wa meza au kalamu anayoitumia kweli.

Kuhusu tabasamu, mwaka 1862 daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alichapisha uchunguzi wake wa misuli ya uso, akaeleza kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo hutii amri ya mtu, lakini ule unaolizunguka jicho huitikia furaha ya kweli. Ndiyo sababu ukisema, "Tabasamu!" unapewa meno bila macho. Lakini naomba nisisitize jambo ambalo kampuni nyingi hulisahau, kwamba haiba ya mtu haina maana ya uchangamfu. Mtaalamu mpole, mzito wa maneno, ambaye wateja wake humwamini kwa utulivu wake, atakuwa amedhulumiwa akilazimishwa kucheka kwa sababu ukurasa wa tovuti umepangwa uwe wa furaha. Kama utulivu ndio wake, upige utulivu.

Swali: Mimi ni ofisa mawasiliano. Mkurugenzi wetu mkuu amekubali kupigwa picha mpya baada ya kubembelezwa sana, lakini ametoa dakika kumi tu kati ya vikao viwili. Je, picha yenye uhai inaweza kupatikana kwa muda huo?

Jibu: Inaweza, mradi hata dakika moja kati ya hizo isitumiwe kuhamisha taa. Tarehe 30 Desemba 1941, mjini Ottawa, mpiga picha wa Kanada Yousuf Karsh alimpiga picha Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, mara baada ya kiongozi huyo kulihutubia Bunge la Kanada. Muda aliopewa ulikuwa mfupi mno, na Churchill hakuwa na hamu ya kupigwa picha wala hakutaka kuiweka chini sigara yake kubwa, mpaka Karsh alipomsogelea akaichomoa mdomoni na kurudi kwenye kamera kubonyeza. Uso ule wa hasira ukawa mojawapo ya picha zinazojulikana zaidi duniani. Wanaosimulia kisa hiki husifu ujasiri wa kunyakua sigara, ambao siushauri kwa mkurugenzi wako. Mimi hukisimulia kwa sababu ya taa, kwa kuwa Karsh alikuwa amekwisha kuzipanga katika chumba cha Spika tangu siku iliyotangulia, na mgeni alipoingia hakikubaki cha kufanya ila kumtazama mtu. Tena muda mfupi baadaye alipiga picha ya pili, ambayo Churchill anatabasamu. Mtu ni yuleyule, chumba kilekile, na mwanga uleule, na nyuso mbili zenye maana tofauti kabisa zimetoka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo muda mfupi hauzuii uhai kuonekana, na wajibu wa kuchagua ni uso upi unaosema kweli unabaki mikononi mwa mpiga picha na yenu ninyi mnaoagiza.

Kwa upande wako, mtafute mtu mwenye kimo na rangi ya ngozi inayokaribiana na ya mkurugenzi asimame badala yake, ili mwanga na mipangilio ya kamera ikamilishwe kabla hajaingia. Andaeni sehemu mbili zilizo jirani, moja ya kusimama na nyingine ya kuketi, ili kuhama kuchukue hatua tatu tu. Waombe wasaidizi wake wote wabaki nje, kwa sababu mkuu anapotazamwa na walio chini yake hucheza nafasi ya mkuu, nasi tunamtafuta mtu. Wewe mwenyewe ubaki kama mpiga picha atakuhitaji umwulize swali linalohusu kazi ya ndani, ambalo mgeni hawezi kulijua. Mwambie mpiga picha pia asishtuke dakika mbili za kwanza zikipita kwenye mazungumzo bila kubonyeza. Hizo hazijapotea.

Swali: Kampuni yetu ina wafanyakazi zaidi ya mia, na uongozi unataka picha zote zifanane: ukuta mweupe, suti nyeusi, mikono imekunjwa kifuani. Wafanyakazi wanaona wamegeuzwa kuwa mihuri. Mimi niko idara ya rasilimali watu, na pande zote mbili zinanitazama. Nifuate lipi?

Jibu: Kila upande una haki yake, na ugomvi utaisha mkitenganisha yale yanayopaswa kufanana na yale yanayopaswa kutofautiana. Uongozi unachotaka ni kwamba mgeni akifungua ukurasa wa wafanyakazi aone nyumba moja. Hilo hupatikana kwa kufananisha mambo ambayo jicho huyahisi bila kuyataja: urefu wa lenzi, umbali kati ya kamera na mtu, kimo cha kamera, upande unakotoka mwanga na ulaini wake, rangi ya mandhari ya nyuma, na sehemu ya fremu ambayo kichwa kinaishia. Mkiyashika hayo, mkao, mikono, mavazi na uso vinaweza kuachwa huru na ukurasa bado ukaonekana kuwa mmoja.

Mfano bora ninaoujua ni wa mpiga picha Mmarekani Irving Penn, ambaye mwaka 1950 na 1951 aliwapiga picha wafanyakazi wa kazi za mikono katika miji ya Paris, London na New York. Wote waliwekwa mbele ya pazia lisilo na pambo lolote, wakiwa wamevaa nguo zao za kazi na kushika vyombo vyao. Ukizipanga picha hizo pamoja unaona mara moja kwamba zimetoka kwenye mkono mmoja, na bado huwezi kumchanganya mtu mmoja na mwingine, kwa namna kila mmoja anavyosimama na kukishika chombo chake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mpangilio wa pamoja huua haiba ya mtu hajakitazama kinachoiua kweli, yaani mkao mmoja uliolazimishwa kwa watu mia. Mikono iliyokunjwa kifuani naiona kuwa chaguo dhaifu kuliko yote: hujenga ukuta kati ya mtu na mtazamaji, huficha viganja, na hupandisha mabega. Yule ambaye husimama hivyo kila siku aachwe asimame hivyo. Wengine wasiigizishwe.

Jambo moja la utendaji ambalo hupuuzwa ni kwamba wafanyakazi wapya wataajiriwa baada ya mpiga picha kuondoka. Mtake aandike kila kitu kwenye karatasi moja na kuiambatanisha na picha ya mpangilio wenyewe: lenzi ya milimita ngapi, tundu la lenzi linalopitisha mwanga limefunguliwa kiasi gani, taa iko umbali gani kutoka kwa mtu na kwa kimo gani, na mtu yuko umbali gani kutoka ukutani. Bila karatasi hiyo, baada ya mwaka mmoja ukurasa wenu utakuwa na makundi mawili ya watu wanaoonekana kufanya kazi katika kampuni mbili.

Swali: Nina umri wa kutosha na sina tatizo la kujiamini, lakini sijawahi kuipenda picha yangu hata moja. Wenzangu husema nimetoka vizuri, nami naona sura ya mtu mwingine. Je, ni mimi au ni wapiga picha?

Jibu: Yawezekana hakuna mwenye kosa. Uso unaoufahamu wewe ni ule wa kwenye kioo, ambao kushoto na kulia vimebadilishana, na kwa kuwa hakuna uso wa mwanadamu ambao pande zake mbili zinalingana sawasawa, picha inapokuonyesha jinsi wengine wanavyokuona, kila tofauti ndogo huhamia upande usiouzoea. Mwaka 1977 watafiti Theodore Mita, Marshall Dermer na Jeffrey Knight walichapisha jaribio ambalo wahusika walionyeshwa picha zao za kawaida pamoja na zile zilizogeuzwa kama kwenye kioo. Wahusika wenyewe walielekea kupendelea zilizogeuzwa, na rafiki zao wakaelekea kupendelea za kawaida. Kila upande ulipenda uso uliouzoea.

Ushauri wangu ni kwamba usichague peke yako. Ondoa kwanza zile ambazo huwezi kuzivumilia kabisa, hiyo ni haki yako, kisha wape zilizobaki wenzako wawili au watatu wanaofanya kazi nawe kila siku, na ukubali wanayokubaliana. Lakini chunguza pia umbali. Picha ikipigwa kwa simu iliyoshikwa kwa mkono, pua iko karibu na lenzi kwa kiasi kikubwa ukilinganisha na masikio, hivyo pua huonekana kubwa na masikio hurudi nyuma, na hapo hata wenzako hawatakuona kama wanavyokujua. Mpiga picha akisimama umbali wa mita moja na nusu hadi mbili au zaidi, na kutumia lenzi ya milimita 85 au iliyo karibu nayo kwenye kamera yenye sensa kubwa, yaani kile kitambuzi cha mwanga kilichomo ndani yake, uso hurudi kwenye vipimo vyake.

Swali: Katika timu yetu wapo wenye ngozi nyeusi sana na wapo weupe sana, na kila tukipigwa picha pamoja chini ya taa za dari, ama hawa wanapotea gizani ama wale wanaungua kwa mwanga. Wapo pia wanaovaa miwani, na macho yao hayaonekani. Mpiga picha anasema ni tatizo la kamera.

Jibu: Ni tatizo la mwanga, na lina historia inayouma. Kwa miongo mingi kadi ambazo Kodak, kampuni ya filamu na kamera, ilizisambaza kwa maabara za picha ili kupima usahihi wa rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, zikajulikana kwa jina la kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikabaki kuwa jambo la mafundi kuhangaika nalo wenyewe. Kamera za sasa zina uwezo mkubwa zaidi, lakini kipima mwanga kilichomo ndani yake bado hudhani kwamba kila kinachokitazama kina wastani wa kijivu. Uso mweusi ukijaa kwenye fremu, kamera huongeza mwanga kupita kiasi na ngozi ikapauka. Shati jeupe likijaa, kamera hupunguza na uso ukazama. Anayepiga picha za watu wa rangi mbalimbali anapaswa kuweka mipangilio kwa mkono na kuipima kwa kadi ya kijivu, yaani kipande chenye ule wastani ambao kipima mwanga hukitarajia, iliyoshikwa mahali pa uso.

Baada ya hapo ashughulikie taa zenyewe. Zile za dari azizime akiweza, kwa sababu hutia vivuli kwenye matundu ya macho, na rangi yake haipatani na ya dirishani: kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, mwanga wa mchana uko karibu na 5500, wakati balbu za rangi ya joto ziko karibu na 3000, na kamera haiwezi kuzisawazisha zote mbili kwa mpangilio mmoja. Dirisha kubwa lenye pazia jepesi, au taa moja iliyopitishwa kwenye kitambaa kipana, hufaa kwa ngozi zote, na kwa ngozi nyeusi hufaa zaidi kwa sababu ngozi hiyo huonyesha umbo lake kwa mng'ao: mwanga mpana unaotoka ubavuni huchora paji la uso, shavu na taya kwa mstari laini, ilhali flashi ndogo ya juu ya kamera huacha madoa meupe ya jasho. Kwa kundi, taa isogezwe mbali. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, yaani aliye mita mbili kutoka kwenye taa hupata robo ya anachopata aliye mita moja, hivyo taa ikiwa karibu mno, hatua moja tu kati ya watu wawili huzaa tofauti kubwa. Wenye ngozi nyeusi zaidi wasimame upande wa taa, na suti nyeusi zisiwekwe mbele ya ukuta mweusi bila mwanga kidogo kuangaza ukuta huo.

Miwani ni jambo jepesi. Mwanga hurudi kutoka kwenye kioo kwa pembe ileile ulioingilia, kwa hiyo inua taa na kuisogeza pembeni mpaka mng'ao uondoke, au inua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio ili vioo viangalie chini. Usimvue miwani mtu anayeivaa kila siku.

Swali: Nivae nini?

Jibu: Vaa nguo ambayo ungeivaa kwenye siku muhimu ya kazi, iliyokwisha kuvaliwa mara kadhaa na ambayo huhitaji kuivutavuta. Epuka mistari myembamba iliyobanana, kwa kuwa kwenye kamera hutoa mawimbi ya rangi yasiyokuwepo, na epuka rangi kali karibu na kidevu, maana huakisi kwenye ngozi. Kama kazi yako ina vazi lake, kwa mfano kofia ngumu au koti la maabara, lilete, lakini liwe lako mwenyewe lenye alama za matumizi. Koti la kuazima hujulikana.

Swali: Mimi ni mhandisi wa kike. Nina kovu juu ya nyusi tangu utotoni. Picha yangu ilipowekwa kwenye tovuti ya kampuni kovu lilikuwa limefutwa, mikunjo ya macho imefutwa, na taya imepunguzwa. Nilipouliza nikajibiwa kwamba mwakani hatutapigwa picha tena, tutatuma picha za simu na programu ya akili unde itatutengenezea picha rasmi. Je, nina haki ya kulalamika?

Jibu: Unayo, na nafurahi kwamba umeandika. Katika kuhariri picha za watu nafuata kanuni moja: kitakachokuwa kimeondoka chenyewe baada ya wiki mbili, kama chunusi au mkwaruzo wa wembe, kinaweza kuondolewa bila kuuliza, kinachobaki, kama kovu, alama ya kuzaliwa, mvi au mikunjo, hakiguswi mpaka mwenyewe aombe. Kulainisha mng'ao wa jasho au kusahihisha rangi ya mwanga ni sehemu ya kazi. Kupunguza taya ni kumchonga mtu upya, na kunafanywa kwa wanawake mara nyingi kuliko kwa wanaume, bila hata kuulizwa, jambo ambalo naliona kuwa ni utovu wa heshima.

Kuhusu picha za akili unde, programu hizo hukisia. Zikipewa picha chache za simu, huunda uso unaokaribiana na wako na kujaza kilichokosekana kwa kile zilichokiona kwenye nyuso nyingine nyingi, hivyo kovu huhama au hutoweka, meno hupangwa upya, na suti hushonwa ambayo hujawahi kuimiliki. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosha mtu kuunda maoni kuhusu uso wa asiyemjua, ikiwa ni pamoja na kama anaaminika, na kwamba muda zaidi humwongezea tu uhakika wa maoni hayo. Maoni hayo si lazima yawe ya kweli, lakini yapo, na mteja atakuja nayo kwenye kikao cha kwanza. Akimkuta mbele yake mtu ambaye hafanani na picha, swali lake la kwanza halitahusu daraja wala ramani.

Iandikie idara inayohusika kwa utulivu. Taka urudishiwe picha ya asili kabla ya kuhaririwa, na uombe iwekwe badala ya iliyopo, ikiwa na masahihisho ya mwanga na rangi peke yake. Pendekeza kwamba kuanzia sasa hakuna picha ya mfanyakazi itakayopandishwa kabla mwenyewe hajaiona na kuikubali kwa maandishi, na kwamba atakayetaka alama yake iondolewe aseme yeye. Kama hoja yao ni gharama, waeleze kwamba dirisha moja zuri, kiti kimoja na mpiga picha mwenye subira vinaweza kuwahudumia watu wengi kwa siku moja, mradi kila mmoja apewe robo saa yake bila kusukumwa.